Skrubu Moja Iliyonitia Adabu

Msomaji mpenzi, kuna makosa ambayo mtu huyatenda kwa haraka, na kuna yale ambayo huyatenda kwa uvivu. Langu lilikuwa la uvivu, na leo nakusimulia ili lisije likakupata wewe.

Ikiwa umewahi kutembea ufuoni Diani, Watamu au Malindi wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bila shaka umewaona watu wakiteleza juu ya maji huku wakivutwa na tiara kubwa angani. Miguuni huwa wamesimama juu ya ubao mwembamba, mrefu kiasi cha kimo cha mtoto wa darasa la tano. Ni mchezo ambao mwaka 2024 uliingia hata katika Olimpiki kule Ufaransa.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, hufundisha mchezo huo Diani. Hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila mwanafunzi, na upepo ukikosa, riziki nayo hukosa. Ubao wake aliununua kwa mtalii aliyekuwa akirudi kwao, akaulipa kwa awamu tatu.

Mapema Januari 2023 nilishuka pwani na wanangu kwa likizo. Nilikuwa nimekwisha kujifunza mchezo huo likizo mbili zilizotangulia, hivyo nikamwomba ubao kwa siku nne ambazo hakuwa na wanafunzi. Alisita kidogo, kisha akanipa.

"Dada," akasema, "ubao huu ndio jembe langu. Kila jioni uoshe kwa maji baridi, yale yasiyo na chumvi. Kila asubuhi pitisha mkono kwenye skrubu zote. Na usiuache juani."

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini pale tulipokuwa tumepanga, maji tulinunua kwa mitungi kutoka kwa mkokoteni. Mimi niliyezoea foleni za maji katika mtaa wetu Nairobi, niliona ni wazimu kumwagia ubao maji ya kununua. Jioni ya kwanza nikauegemeza ukutani na chumvi yake. Ya pili vivyo hivyo.

Ngoja nikueleze ubao wenyewe ulivyo. Kwa nje umevikwa faibaglasi, na ndani mara nyingi huwa ni mti mwepesi. Juu yake hufungwa kanda mbili za kuingiza miguu na mkono wa kushikia. Chini hukaa mapezi madogo, kama ya samaki. Vyote hivyo hushikwa na skrubu zaidi ya kumi, ambazo huingia katika vijitundu vya chuma vilivyogandishwa ndani ya ubao.

Skrubu hizo husemekana hazishiki kutu, nami nilijitetea kwa hoja hiyo. Kumbe chuma hicho hujikinga kwa utando mwembamba ajabu unaofanyika kinapokutana na hewa. Ndani ya kijitundu kilichojaa maji ya chumvi na mchanga, hewa haifiki, utando hauponi, na kutu huanza kula kimyakimya. Isitoshe, skrubu ikilegea, kila mruko huitikisa, na mtikiso huo huchokonoa kijitundu mpaka maji yapate njia ya kuingia ndani ya mti.

Siku ya tatu nilihisi ukanda wa mguu wa kushoto ukicheza. Nikajiambia, "Si kitu." Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku ya nne, nikiwa katikati ya maji, ukanda ukachomoka upande mmoja. Nilianguka kifudifudi, ubao ukaenda zake, nami nikanywa chumvi ya kutosha kupikia arusi. Bahati nzuri upepo ulikuwa unasukuma kuelekea pwani, nikafika salama, na ubao ukanifuata.

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi. Badala ya kumwambia mdogo wangu, nilitaka kuficha. Nilitafuta skrubu nyingine ya kawaida, nikaazima bisibisi isiyolingana na kichwa chake, nikaikaza kwa nguvu zote. Ghafla mkono ukawa mwepesi. Kijitundu chenyewe kilikuwa kimeng'oka na sasa kinazunguka ndani ya ubao. Nikafuta mchanga, nikaurudisha ubao, nikanyamaza.

Asubuhi yake alikuja mwanafunzi, kijana wa miaka kumi na minne. Nilikuwa nimesimama pale pale mdogo wangu alipouinua ubao na kupitisha kidole gumba kwenye skrubu, moja baada ya nyingine, kama anavyofanya siku zote. Alipofika kwenye ile yangu, kidole kikasimama. Hakunigombeza. Alimwambia yule kijana kwamba leo hakuna somo, kisha akaketi mchangani akitazama bahari. Upepo siku hiyo ulikuwa mzuri ajabu.

Msomaji, afadhali angenitukana.

Tulimpelekea fundi wa mashua. Alikitoa kijitundu, akachimba mti uliokuwa umelowa na kulainika, akaacha ubao ukauke kivulini kwa siku tano. Kisha alijaza gundi ya epoksi iliyochanganywa na nyuzi za faibaglasi, akapachika kijitundu kipya kikiwa na skrubu iliyopakwa grisi ili gundi isiingie kwenye meno. Akatuonya tusikaze kitu kabla ya siku nzima kupita. Wiki moja ya kaskazi ikapotea hivyo. Gharama nililipa mimi, lakini wiki ile sikuweza kuilipa.

Ikiwa wewe au mwanao mna ubao wa namna hiyo, shikeni haya. Suuzeni kila jioni, mtungi mdogo watosha. Kagueni skrubu kila mara kabla ya kuingia majini. Tumieni bisibisi inayolingana, mkaze kwa mkono mpaka ishike, si mpaka ilie. Skrubu ikipotea, tafuteni ya urefu ule ule na chuma kile kile, kwani ndefu kupita kiasi huweza kutoboa ubao. Msimu ukiisha, fungueni zote, safisheni, pakeni grisi, kisha rudisheni. Na kitu kikiharibika mikononi mwenu, mwambieni mwenyewe siku hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alinipa tena ubao ule, bila masharti yoyote. Jioni ya kwanza niliuosha kwa maji ya mkokoteni. Asubuhi nikapitisha kidole gumba kwenye skrubu zote, na nilipoinua macho nikamwona amesimama mlangoni, akitabasamu.