Kusema Kupitia Mkalimani

Kazi ya kutega mbung'o kando ya mito ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, niliipenda kwa sababu haikudai maneno. Unaingia kichakani, unaweka mtego, kesho yake unarudi kuhesabu wadudu na kuandika. Tangu shule ya msingi nilikuwa nikisimamishwa mbele za watu ulimi unakauka na magoti yanagongana. Shuleni kwetu mtoto aliyeponyokwa na neno la Kilugbara, lugha yetu ya nyumbani, alivishwa kibao shingoni akashinda nacho. Woga wangu ulianzia hapo, na ulinifuata hadi utu uzima katika kila lugha ninayoijua.

Mwaka 2011 njia mpya ya kupambana na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ilianza kujaribiwa Arua. Ni kitambaa kidogo cha buluu, sentimita 25 kwa 25, kilichounganishwa na kipande cha chandarua cheusi cha ukubwa huohuo chenye dawa ya wadudu. Mbung'o wa mtoni huvutwa na buluu. Akigusa tu, amekwisha. Vilisimikwa ukingoni, 20 hivi kwa kila kilomita ya mto. Rahisi, nafuu, lakini uhai wake uko mikononi mwa wapita njia: mama anayeloweka muhogo, mvuvi, kijana anayenywesha mbuzi. Wasipoelezwa wataking'oa, na wana haki, maana mto ni wao. Kwa hiyo kila kijiji kilipaswa kuitishwa mkutano, na kila mmoja wa kikosi chetu aseme pale anapofanyia kazi.

Usiku wa kuamkia mikutano ile sikupata usingizi. Nilikuwa naandika kila kitu kwenye karatasi, nafika, nawasalimu wazee, kisha nasoma mbio mbio macho yakiwa chini. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakatawanyika bila swali hata moja. Kijiji kisichouliza hakijakubali. Hilo lilinitesa kuliko woga wenyewe.

Nilipona Koboko. Huko wenyeji husema Kikakwa, na mimi Kikakwa changu huishia kwenye salamu. Ilibidi nitumie Kiswahili, nilichokiokota utotoni kwa majirani zetu Wanubi mjini Arua, na mama mmoja wa makamo, mhudumu wa afya wa kijiji, akawa mkalimani wangu. Nilipoanza kumwaga maneno kama kawaida yangu, alinishika mkono. “Mwanangu, sema kidogo, halafu ungoje. Na mimi nina kazi yangu.”

Nikasema sentensi moja, nikangoja. Wakati yeye anaitafsiri mimi nikavuta pumzi, nikainua macho. Nikaona neno langu likiwafikia: mzee mmoja akatikisa kichwa kukataa, akina mama wawili wakatazamana. Karatasi ilikuwa haijawahi kunionyesha hayo. Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikatoa kitambaa chenyewe nikakionyesha. Mzee yule aliyekataa akasogea, akakitazama mbele na nyuma, akauliza: “Hii dawa haitaua samaki wetu?”

Swali zuri kuliko yote niliyotarajia. Nikamweleza kwamba dawa ni kidogo na imeshikana na kitambaa, na kwamba tunakisimika ukingoni, si majini. Mkalimani akamfikishia, akaongeza na lake. Hapo mtu mwingine akasimama kusimulia habari za ndugu yake: analala mchana kutwa, usiku anarandaranda na kugombana na watu, ukoo mzima ukidhani karogwa, na hospitali wanaikwepa kwa hofu ya sindano ya mgongo. Nilimjibu taratibu, vipande vipande. Nilimwambia malale ya huku kwetu huchukua miezi, hata miaka, kabla ya kumwangusha mtu. Sindano ile hutoa maji ya uti wa mgongo ili ijulikane kama vijidudu vimefika kwenye ubongo, na ugonjwa unatibika. Nilikuwa naongea na mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Nafasi ya kujifikiria mimi na magoti yangu haikuwepo.

Mwendo ule niliuchukua nikarudi nao Arua, ambako sikuhitaji mkalimani. Nilisema kwa Kilugbara kama vile yule mama bado yuko pembeni yangu: sentensi, kisha kungoja. Vijana waliojiunga na kikosi baadaye niliwafundisha hivyohivyo, na wale waliotetemeka sana niliwapeleka kwanza kwenye vijiji wasivyojua lugha yake.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeyatokomeza malale haya ya huku kwetu kama tatizo la afya ya jamii. Katika mkutano uliofuata mama mmoja aliniuliza, na aliuliza kwa ukali, kwa nini basi tunaendelea kusimika vitambaa. Nikamwambia mbung'o bado wapo mtoni, na Congo, ambako yeye mwenyewe huenda sokoni, bado kuna wagonjwa. Hakuridhika. Akataka kujua nani atabadilisha vitambaa wafadhili wakichoka. Mwenyekiti wa kijiji akadakia, vijana nao wakaingilia, na mkutano ukaendelea mpaka jua likazama.