Munje: Ishara ya Aliye Nje ya Mwamba

Kwa msafiri atokaye Mombasa, safari ya Munje huanzia Likoni. Kila tuvukapo kwenda kwa wajomba zetu, mama huyaelekeza macho yake upande wa Mtongwe, ambako feri ilizama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafariki, nasi huwaombea marehemu kimyakimya. Kisha ni matatu ya Lunga Lunga: Ukunda, Gazi, halafu njia panda ya Msambweni, na bodaboda baina ya minazi na mikanju hadi bahari inapojitokeza. Mwenye kuzoea fukwe za Diani hapa huona utulivu mwingine. Bahari ikikupwa, wanawake hushuka miambani kutafuta pweza, na mitumbwi hulala ubavu mchangani kama ng'ombe waliochoka. Maji yakijaa, yote hayo hufunikwa, hubaki mstari mweupe wa mawimbi mbali kule kwenye mwamba.

Mstari huo ndio uliotupeleka Munje safari hii, na mizigo tuliyobeba haikuwa mchele wala sukari.

Mwezi wa Agosti mwaka jana, upepo wa kusi ukiwa bado na nguvu, mjomba wetu alitoka alfajiri na vijana wawili akisema watavua upande wa Funzi. Samaki hawakupatikana huko, wakaamua kutoka nje ya mwamba. Baada ya adhuhuri injini ilizima, ikakataa kabisa kuwaka. Wakashusha nanga, kamba haikufika chini, kwani nje ya mwamba kina huporomoka ghafla. Simu ilikuwa katika mfuko wa nailoni uliotoboka. Kilichobaki kilikuwa tochi ndogo yenye betri za kuukuu, mtungi wa maji uliokwisha nusu, na bati la biskuti.

Sisi huku nchi kavu, hadi isha tulikuwa tumekwisha kukata tamaa na kuirudia mara kadha wa kadha. Mashua mbili zilitoka kuwatafuta, zikaenda Funzi, kwa kuwa ndiko walikosema wanakwenda. Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini, na wakati wa kusi huzidi kasi. Chombo kisicho na nguvu nje ya Munje, kikiwa kwenye mkondo huo, hakiendi Funzi. Hupelekwa kuelekea Gazi, Chale na Diani. Wazee wa ufuoni walilijua jambo hilo vyema, lakini hakuna aliyekuwa na habari kwamba mjomba ametoka nje ya mwamba.

Usiku ule, walitusimulia baadaye, mashua moja iliwapita karibu kiasi cha kuyaona mataa yake. Wakapiga kelele hadi sauti zikawakauka, upepo ukazichukua zote. Tochi ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu kama kaa la mwisho jikoni. Walipiga makasia kwa mbao za sakafu ya mashua ili mawimbi yasiwarushe mwambani. Asubuhi waliziona hoteli za Diani kwa mbali, na kijana mdogo wao, mwenye miaka kumi na saba, akakishika kifuniko cha bati la biskuti akakielekeza juani. Wavuvi wa upande wa huko waliona kitu kinachometameta, wakakifuata. Alhamdulillahi, wote watatu walirudi hai. Mjomba hakusema neno siku mbili.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na sharti moja: kaka yake asitoke nje ya mwamba tena mpaka sisi wanawe tumnunulie vifaa. Tulidhani ni kazi ya nusu siku. Ilituchukua miezi.

Tulianza na majaketi ya kuokolea maisha. Tulinunua mawili ya bei nafuu katika duka moja mjini, mazuri kwa macho, rangi ya chungwa iliyokolea. Kabla ya kuyapeleka tuliyatosa majini pamoja na mawe ya kilo chache, tukayaacha tangu asubuhi hadi alasiri. Moja lilielea. La pili lilikunywa maji kama sifongo, likazama. Tangu hapo tulijifunza kutafuta maandishi yaliyoshonwa ndani: nguvu ya kuelea hupimwa kwa nyutoni, na kwa bahari ya wazi hutakikana 150, jaketi la 100 lafaa zaidi maji yaliyohifadhika. Jaketi liwe na kola ya kuinua kichwa cha aliyezimia, utepe unaong'aa ukimulikwa, na filimbi. Mtoto apewe la mtoto. La mtu mzima humtoka kichwani akiangukia majini.

Filimbi ni kitu cha bei ya chai na mahamri, lakini yafika mbali kuliko koo la mwanadamu, nayo haichoki. Kioo nacho ni vivyo hivyo. Kifuniko cha bati kilimwokoa mjomba, basi tulimnunulia kioo cha ishara chenye tundu katikati la kulengea, ambacho mng'ao wake siku ya jua huonekana maili nyingi. Usiku hakina kazi. Kwa usiku tulichukua tochi mbili zisizopenya maji, na betri za akiba zilizofungwa mbali na tochi zenyewe.

Fataki za dharura ndizo zilizotugharimu fikra nyingi. Hupatikana katika maduka yanayohudumia meli, nazo ni za namna tatu. Mwenge mwekundu wa mkononi huwaka kama dakika moja. Roketi yenye mwavuli hupanda kiasi cha mita 300 na kuwaka sekunde 40. Moshi wa rangi ya chungwa hudumu dakika tatu, na ni wa mchana tu. Soma tarehe kabla ya kulipa, maana kwa kawaida muda wake ni miaka mitatu, na tuliwahi kuuziwa, kwa tabasamu, mwenge uliokwisha muda zamani. Kisha mwenge hushikwa nje ya chombo, upande wa demani, ili cheche zisirudi kwenye petroli. Na hauwashwi kwa hofu, huwashwa pale mtu anapoona chombo kinachoweza kumwona.

Redio ya VHF ya mkononi ndiyo tuliyoitamani zaidi. Chaneli 16 husikilizwa na meli, na Mombasa kipo kituo cha kuratibu uokoaji baharini tangu mwaka 2006. Vipo pia vifaa vidogo vinavyopeleka ishara kwa setilaiti kwa masafa ya megahatsi 406, vikieleza mahali mtu alipo. Bei yake yapita uwezo wa nyumba nyingi za Munje. Mtu mmoja alitaka kutuuzia cha zamani, cha 121.5, kwa bei ya kuvutia. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Tulimshukuru tukaondoka.

Mjomba aliyapokea majaketi kwa adabu, akayatundika ukutani kama picha. “Wapwa zangu,” alisema, “nikivaa hili ufuoni watanicheka, na kazi ya nyavu yataka mikono huru. Aliyeandikiwa kuondoka ataondoka.”

Mama hakumjibu kwa hasira. Alimkumbusha habari ya bedui na ngamia wake, ambayo mjomba mwenyewe alitufundisha tukiwa watoto barazani pale pale. Kisha akamwita yule kijana wa bati la biskuti, akamvisha jaketi mbele yetu sote. Mjomba alilitazama lile jaketi, akamtazama kijana, akainuka kwenda kutawadha.

Alasiri tulikwenda naye majini, tukaelea wote, watoto wakipiga filimbi hadi majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Alirekebisha kamba za jaketi lake mwenyewe, akasema chini kwa chini kwamba ukilikaza hapa mabegani, mikono haizuiliki sana.

Jambo la mwisho halikuwa na gharama. Mama aliacha daftari kwa mke wa mjomba, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kabla ya chombo kutoka huandikwa ni watu wangapi, waelekea wapi, watarudi saa ngapi. Na wakigeuza njia wakiwa ndani ya mwamba ambako simu hushika, hupiga kusema. Saa ile ikipita, shangazi hasubiri isha: huwaarifu watu wa BMU, na hupiga 112.

Jumatatu tulipokuwa Likoni tukirudi, alitusomea kwa simu mstari wa kwanza. Watu watatu, majaketi matatu, nje ya mwamba kuelekea Gazi, kurudi kabla ya alasiri. Saa tisa na robo alipiga tena kusema wamepwelewa mchangani na kolekole wanane. Redio bado hatujainunua; tumechanga nusu.