Namba ya Mgongoni

Mimi ni mwalimu hapa Shanwe, katika Mpanda, na leo napenda kuwaeleza kosa nililolifanya kwa sababu ya fulana moja.

Mwaka jana wavulana wetu walipata fulana kumi za mpira wa kikapu. Kila fulana ilikuwa na namba mgongoni, na wote waliitamani moja tu, yaani 34. Sababu yake ni hii: ndiyo namba aliyoivaa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA, ligi kubwa ya Marekani. Nami bila kufikiri nikampa kijana mmoja aliyewapita wenzake wote kwa urefu, nikamwambia mbele ya watu, "Haya, Thabeet wetu ndiwe."

Walakini kijana yule alikuwa hajatimiza hata miezi miwili tangu aushike mpira. Siku ya mashindano mpira ukamponyoka mara kwa mara, na watazamaji wakapiga kelele, "Thelathini na nne! Thelathini na nne!" huku wakicheka. Nami, naona haya kusema, nilicheka pamoja nao. Kesho yake hakuja shuleni, wala wiki ile yote.

Hapo ndipo nilipoikumbuka habari nzima ya Thabeet, maana nilikuwa nimewasimulia watoto nusu yake tu. Yeye alizaliwa mwaka 1987, akaenda kusoma Marekani, na kimo chake ni futi 7 na inchi 3. Huko kila mwaka timu huchagua vijana wapya kwa zamu, na atajwaye mapema hutumainiwa kuliko wenziwe. Mwaka 2009 Thabeet alitajwa wa pili, akachukuliwa na timu ya Memphis. Wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry, ambao baadaye wamejulikana dunia nzima. Basi watu wakampima kwa hiyo namba 2, wasimpime kwa kazi aliyoiweza. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, alishushwa kwa muda akacheze katika ligi ndogo.

Mwaka 2011 alihamishiwa Houston. Huko fulana ya 34 hapewi mtu tena, kwa kuwa tangu mwaka 2002 imewekwa iwe heshima ya Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria, aliyewaongoza kupata ubingwa mwaka 1994 na 1995. Ikampasa Thabeet kuvaa namba nyingine. Tazameni basi: namba ni ile ile, lakini mmoja aliipata heshima baada ya kazi ya miaka mingi, na mwingine alidaiwa heshima kabla ya kazi.

Hata hivyo Thabeet hakuacha mchezo. Alipokwenda Portland mwaka 2012, na baadaye Oklahoma City, aliivaa tena 34 yake. Hata kufikia mwaka 2014 alikuwa amecheza michezo 224 katika ligi ile, kisha akaenda kucheza Japani na Taiwan. Wengi waliomcheka hawakucheza hata mmoja.

Nilipokwisha kuyawaza hayo nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Nilimkuta mama yake anapepeta mpunga. Nikamwamkia, akaniitikia, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mwanangu ana jina." Sikuwa na jibu. Nikamwita kijana kwa jina lake, nikamwomba radhi mbele ya mama yake na wadogo zake. Aliinama tu, asiseme neno.

Jumatatu alirudi darasani. Fulana ya 34 hakuitaka tena, nayo imekunjwa kabatini mwangu mpaka leo. Lakini jioni, wenzake wakiisha kwenda zao, namwona yuko peke yake uwanjani na shati lake la kawaida, akirusha mpira, akiufuata, akiurusha tena. Mimi humtazama kwa mbali nikanyamaza.

Ndugu zangu walimu na wazazi, sisi tunapenda kuwavika watoto namba: huyu wa kwanza, yule wa mwisho, huyu fulani wetu. Tusiwavike mzigo kabla mabega hayajakomaa. Na tukiwa tumekwisha kuwavika, tusiwacheke wakiyumba.