Stars ya 1980 iko vichwani mwa wazee wetu

Wadau, kuna swali napenda kuwachokoza nalo vijana wenzangu wa Maili Moja, hapa Kibaha, tukiwa kibanda umiza tunasubiri mechi ya Ulaya ianze. Nitajieni wachezaji watano tu wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980. Kimya! Lakini waulize Arsenal iliyomaliza ligi ya 2003/04 bila kufungwa. Watakupangia kikosi kizima, kuanzia Lehmann mpaka Henry, na wa benchi watakuongezea.

Siwalaumu. Henry yupo kwenye video. Stars ya 1980 watu waliisikia redioni, maana Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990.

Mmoja wa waliosikiliza ni babu yangu, anaishi Kisarawe. Nikienda kumjulia hali, nikishamwamkia, namtajia jina moja tu: Peter Tino. Basi hapo chai itapoa! Ataanzia Agosti 1979, Idi Amin ametoka kung'olewa, nchi imechoka na vita, Stars iko Ndola. Dar es Salaam tulishawafunga Zambia 1-0, kwa hiyo sare ilitutosha. Zambia wakatangulia kufunga. Dakika za lala salama Tino akasawazisha, 1-1, tukafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Kule Lagos tulianza na wenyeji Nigeria, wakatufunga 3-1, bao letu likifungwa na Juma Mkambi 'Jenerali'. Misri wakatufunga 2-1, kisha tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Mabao yetu katika mechi hizo mbili alifunga Thuwein Ally.

Kuna wanaosema eti pointi moja, mkia wa kundi, cha kujivunia nini? Jamani, fainali zile zilikuwa na timu nane tu, Afrika nzima! Golini Juma Pondamali, nyuma kina Leodegar Tenga na Jella Mtagwa, kocha Slawomir Wolk kutoka Poland. Baada ya hapo tulikaa miaka 39 ndipo tukarudi, mwaka 2019 kule Misri, na safari hiyo timu zilikuwa 24. Kuvuka makundi kwa mara ya kwanza tukasubiri mpaka fainali za Morocco, mwishoni mwa 2025. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Ila mechi hizo zimerekodiwa, hata wajukuu zetu wataziona.

Ya babu iko kichwani mwake. Zamani alikuwa anapanga kikosi chote bila kusita. Mara ya mwisho aliishia jina la saba, akanyamaza, akaniomba nimsaidie. Mimi msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa gazeti, sikuwa na la kumwongezea ambalo hakunifundisha yeye.

Mkambi alifariki mwaka 2010. Sisi waandishi tuna tabia ya kumkumbuka mchezaji siku ya msiba wake, tena kwa aya nne. Sasa natembea na daftari kila niendapo Kisarawe, naandika anachokumbuka, halafu natafuta wa kunithibitishia.

Kama kwenu kuna mzee aliyesikiliza mechi ya Ndola, muulize wiki hii. Mwache aseme mwenyewe, wewe andika.