Babu Mawe wa Kinzudi

Ukinunua kiwanja Goba, Dar es Salaam, hesabu umenunua mlima au bonde. Tambarare ni bahati ya mtu. Udongo wenyewe ni mchanga uliochanganyika na mfinyanzi. Kiangazi sururu inadunda, masika ukishalowa unaporomoka na ukuta wako juu. Ndiyo maana wengi mtaani kwetu Kinzudi hawachimbi msingi bila kumpitia jirani yangu mmoja, mjiolojia mstaafu. Watoto wanamwita Babu Mawe. Jina lake halisi siandiki, mwenyewe hapendi.

Anakuja na kandambili zake, nyuma yake mjukuu wa kike kabeba nyundo. Anachota udongo, anaulowesha, anauviringisha viganjani hadi uwe uzi mwembamba. Ukikatika upesi, mchanga umezidi. Ukivutika bila kukatika, mfinyanzi umetawala, na hapo fundi ajiandae kuulizwa maji ya mvua yatapita wapi. Kisha anatia chembe mdomoni na kuisaga kwa meno ya mbele: mfinyanzi unateleza, vumbi la mchanga linakwaruza. Mafundi hucheka. Yeye anamgeukia mjukuu: "Wewe unasemaje?" Na jibu analisubiri kweli. Fundi, mwenye kiwanja na mimi, watu wazima wote, tunasimama juani hadi mtoto wa darasa la nne amalize kutafuna udongo.

Kusubiri huko ndiko nilikojifunzia mengi kwake.

Mzee ni wa kizazi kilichosomea jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam idara ilipokuwa bado changa. Ilifunguliwa mwaka 1974. Akaajiriwa Dodoma, kwenye ofisi ya jiolojia iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1925, na kutoka hapo maisha yakawa ya porini: hema, Land Rover, ramani, na miezi bila kuonana na familia. Geita amepiga nyundo miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. "Mwanangu," aliniambia, "jiwe la Geita hata ukilikuta leo au mwakani, halikuulizi ulikuwa wapi. Mtoto anauliza."

Basi akawa anawaandikia. Kila mtoto barua yake, kwa jina lake, hata yule ambaye hajajua kusoma, na pembeni amechora kambi: mto huu hapa, hema la baba, mti wenye nyuki. Nimeziona, zimo kwenye boksi la viatu, karatasi zimeiva rangi ya chai. Binti yake mkubwa anasema alijua kusoma ramani kabla ya kujua saa.

Mama yao mwenyewe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hataki sifa zigawiwe ovyo. "Alikuwa anakuja kama mvua za vuli," anasema, "unazisubiri, zinanyesha kidogo, zimeondoka." Nani alipeleka watoto kliniki, nani alikesha na malaria zao? Mzee huinamisha kichwa, habishi. Nami naona hiyo nayo ni sehemu ya kuwa baba mwema: kuacha ukweli wa mwenzako usemwe mbele ya wageni.

Kisa anachopenda kukirudia ni cha John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Utajiri wake ulivuma hadi almasi ya rangi ya waridi akampa Binti Mfalme Elizabeth mwaka alioolewa, 1947. Hakuoa, hakuacha mtoto. Alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50, na mwaka huohuo ndugu zake wakauza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika. Mzee anakisimulia kwa huruma. Mimi hapo simfuati moja kwa moja. Mtu aliyewajengea wafanyakazi wake hospitali na shule hakuishi bure kwa kukosa mtoto. Tumebishana hilo barazani mara nyingi, kahawa ikipoa.

Ila najua kwa nini kinamgusa. Aliwahi kupata nafasi ya kusoma ng'ambo, miaka kadhaa, mwaka ambao mtoto wake wa mwisho alikuwa anaumwa. Akaiacha. Wenzake waliokwenda walirudi wakawa wakubwa wake. Nilimuuliza kama alijuta. "Sana," akasema, "na zaidi siku za kupandishwa vyeo." Hakuongeza neno, na mtoto mwenyewe, sasa baba wa yule binti wa nyundo, alikuwa palepale akirekebisha pampu ya maji.

Jumamosi hii tunakwenda Madale, rafiki yangu kaona kiwanja mteremkoni. Mzee hakuuliza bei wala ukubwa. Ameuliza kama mke na watoto watakuwepo, kwa kuwa hakagui udongo mbele ya mwenye hela peke yake. Watakaolala chini ya ukuta huo nao wauonje. Rafiki yangu anadhani ni utani.