Tegeta hadi Marangu: Safari ya siku moja iliyogeuka siku mbili

Kila Desemba ikikaribia, familia moja ya Tegeta, Dar es Salaam, huwa na mjadala ule ule mezani: waondoke saa ngapi, wapite njia ipi na wasimame wapi hadi wafike kwa bibi, Marangu. Ni zaidi ya kilomita 500. Watoto ni watatu, na yule wa katikati, mwenye miaka sita, hutapika kabla gari halijafika Wami.

Mwaka jana baba alishinda mjadala huo. Waliondoka saa nne usiku ili watoto walale njiani na barabara iwe nyeupe. Haikuwa nyeupe, ilijaa malori na mabasi. Alfajiri, katikati ya Hedaru na Makanya, ambako lami imenyooka na hakuna cha kumshtua dereva, baba alisinzia. Mama alizinduliwa na mlio wa changarawe chini ya tairi za kushoto. Alipiga kelele, gari likarudi barabarani. Mtoto mdogo alikuwa amepakatwa kiti cha mbele na wala hakuamka. Hadi Same hakuna aliyesema neno.

Mwaka huu mama alikuja mezani na karatasi.

Kitu cha kwanza kwenye karatasi hiyo kilikuwa muda. Hakuna safari ya usiku. Mwili wa binadamu unataka kulala kati ya saa nane usiku na alfajiri, na kahawa au muziki wa sauti ya juu haubadilishi hilo. Dereva aliyeshinda kazini kutwa kisha akashika usukani saa nne usiku anaendesha akiwa ameshakesha. Kinachomsaidia ni kusimama na kulala, hata dakika 20, na kwa safari ya mchana kupumzika kila baada ya saa mbili.

Kwa hiyo waliamua kuondoka Jumamosi saa sita mchana, walale Korogwe, wamalizie Jumapili asubuhi.

Njia ilizua ubishi kidogo. Baba alizoea kupita Ubungo, Kimara, Kibaha hadi Chalinze, kwa kuwa ndiyo njia aliyoonyeshwa na baba yake. Lakini anayetoka Tegeta akifuata njia hiyo anarudi kwanza mjini, kisha anaingia kwenye foleni ya Mbezi na Kibaha pamoja na malori yote yanayokwenda Morogoro. Njia ya Bunju, Bagamoyo hadi Msata inamtoa upande wa pili bila kuigusa Chalinze. Faida ya Kibaha ni moja, nayo si ndogo: Hospitali ya Tumbi, ambayo imepokea majeruhi wengi wa barabara ile. Mama aliandika kwenye karatasi hospitali za njiani, Bagamoyo, Magunga ya Korogwe, Same na KCMC ya Moshi, kisha akachagua Bagamoyo. Wakajaza mafuta kabla ya kutoka mjini.

Kiwangwa ni mananasi pande zote mbili za barabara. Hapo ndipo waliposimama mara ya kwanza, mapema kuliko baba alivyotaka, kwa sababu ya tumbo la yule wa katikati. Kichefuchefu cha safari hutokea pale macho yanapoona kitu kimoja na sikio la ndani, linalopima mwendo, linahisi kingine. Mtoto anayeangalia katuni kwenye simu anaona kitu kilichotulia wakati mwili wake unayumba. Ndiyo maana safari hii simu zilikaa kwenye mkoba, na yeye akawekwa kati kiti cha nyuma, aone kioo cha mbele. Asubuhi alipewa uji na kipande cha mkate, si chipsi mayai.

Kuhusu dawa, kuna tabia ambayo wazazi wengi wanaifahamu: kumpa mtoto dawa ya mafua au aleji inayoleta usingizi ili atulie njiani. Si dawa ya safari hiyo. Zile zenye promethazine hazipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa zinaweza kudhoofisha upumuaji wake, na mzazi aliye mbele akidhani mwanawe kalala tu asijue. Mwenye mtoto anayetapika sana amuulize mfamasia au daktari kabla ya siku ya safari.

Baada ya Msata mteremko unawapeleka Wami. Wanaokumbuka daraja la zamani, jembamba la gari moja moja, wanalishukuru hili jipya. Kutoka hapo ni Mbwewe, Mkata, Kabuku, na vibao vya 50 visivyoisha. Anayepanga muda kwa kuhesabu kilomita peke yake atajikuta anakimbiza vijijini, na tochi zipo. Faini inauma, ila mtoto anayevuka kwenda kununua chumvi ndiye sababu ya kibao kile.

Segera njia zinagawanyika, kulia Tanga, kushoto Korogwe. Wakati huo jua la mchana linachoma upande wa kushoto wa gari, na mama alikuwa ametundika kanga dirishani mapema. Mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, safari hii hakupakatwa. Alifungwa kwenye kiti chake cha mtoto, kilichonunuliwa kwa mtu wanayemjua na ambacho hakijawahi kupata ajali, nyuma ya kiti cha abiria. Alilia hadi Bunju, kisha akakizoea. Mikono ya mama, hata iwe na upendo kiasi gani, haiwezi kumzuia mtoto gari likigonga kwa kilomita 80 kwa saa.

Kuchimba dawa porini walikataa. Mbali na nyoka na aibu kwa binti wa miaka 11, hapana maji wala sabuni, na dakika tano baadaye mikono hiyo hiyo inamenya chungwa. Walisimama kwenye vituo vya mafuta na migahawa yenye choo, na mama alikagua choo kwanza kabla hajakagua jiko. Choo kikiwa hakina maji, hata chakula chao hawakununua. Machungwa ya njiani walinunua mengi, kwani tunda unalomenya mwenyewe ni salama zaidi kuliko lililokatwa likasubiri wateja.

Mama alitamani kulala Lushoto, kwenye baridi. Lakini kutoka Mombo kupanda kule ni kona juu ya kona, na tumbo lilelile likaamua. Wakalala Korogwe, kwenye joto na mbu. Mji huu una kituo cha utafiti cha NIMR na ulikuwa miongoni mwa maeneo ya Afrika yaliyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Chandarua cha chumbani kilikuwa na tundu, wakatumia chao. Homa ikimpata mtoto wiki moja au hata mwezi baada ya safari kama hii, anapimwa malaria, hata kama yuko kwenye baridi ya Marangu.

Saa moja asubuhi waliondoka, mkonge pande zote, milima ya Usambara kulia. Mombo walinunua karoti na matunda damu. Baada ya Hedaru, ile sehemu iliyonyooka, gari lilikuwa kimya tena. Walipofika Same baba alisimama, akazima gari na kumpa mama funguo. Mama ana leseni miaka tisa sasa. Hajawahi kuombwa kuendesha safari ya Moshi hata siku moja.

Baba alikaa nyuma na kulala kabla ya Mwanga. Himo walikata kulia, mlima ukiwa umejifunika mawingu, kona zikaanza. Mfuko wa plastiki uliobebwa tangu Tegeta ukatumika hapo, kona tatu kabla ya geti la bibi.