Kijana wa Shimanzi Mlimani

Watu wa Mombasa walijua chombo kinapong'oa nanga. Lakini si wote waliojua kuwa jina la Outward Bound ni neno la mabaharia kwa chombo kitokacho bandarini. Shule ya kwanza ya jina hilo ilifunguliwa Aberdovey, Wales, mwaka 1941, ili mabaharia vijana wafundishwe kuokoka baharini wakati wa vita. Ya Kenya ikawekwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro.

Huko alikwenda kijana mmoja wa Shimanzi, mwana wa mlinzi wa matangi ya mafuta, kujifunza kazi ya kuwasaidia walimu. Alidhani kazi ni kupanda kilele. Kumbe ilikuwa kuamka alfajiri, kuchemsha chai, kuhesabu mablanketi, kukagua kamba na viatu. Na njiani kutembea nyuma kabisa, asiachwe mtu.

Siku ya kukwea kilele cha mita 5,895, mwanafunzi mmoja alishikwa na kichwa, akatapika. Hewa ya huko juu ni nyepesi, karibu nusu ya ile ya pwani, na dawa ya mgonjwa ni kuteremshwa upesi. Kijana alitazama kilele, kisha akamshika mwenziwe mkono, wakashuka.

Aliporudi, babaye akamwuliza, "Ulifika juu?"

"Sikufika, baba. Nilimteremsha mgonjwa."

Mzee akaridhika. Yeye mwenyewe alijua kuwa penye hatari, asiyemjali mwenziwe huwaangamiza wote. Vijana, yafaa mlishike hilo.